Mamlaka ya Kuazima: Papa Hakulinyang'anya Shirika la Malta Uhuru Wake

Tarehe 3 Septemba 2022 Papa Fransisko alilipatia Shirika la Kijeshi la Malta, shirika la kitawa la Kikatoliki, katiba mpya, akavunja baraza lake la uongozi, akawaondoa madarakani wakuu wa serikali yake na kuteua baraza la mpito, yote kwa hati moja iliyoanza kutumika mara moja. Mwezi Mei mwaka uliofuata Fra' John Dunlap, mwanasheria kutoka Kanada, alichaguliwa chini ya katiba hiyo kuwa Mkuu wa 81 wa Shirika. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba shirika lenye umri wa zaidi ya miaka 900, ambalo halina nchi lakini linatoa pasipoti, linachapa stempu zake na kubadilishana mabalozi na mataifa zaidi ya 110, lilipoteza mamlaka yake kamili siku ile na kugeuzwa idara mojawapo ya Vatikani. Kifo cha Papa Fransisko mwezi Aprili 2025 na kuchaguliwa kwa Papa Leo XIV wiki chache baadaye kumeirudisha hukumu hiyo kwa sura ya swali: je, Papa mpya atawarejeshea kile mtangulizi wake alichokichukua?

Naona swali hilo linadai kurejeshwa kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Mamlaka ya Shirika la Malta, tangu siku ya kwanza, yalikuwa ya kuazima: yalitoka kwa Papa, na kwa nyakati fulani kwa wafalme pia, nayo yakadumu kwa sababu Shirika lilikuwa na kazi ambayo wenye nguvu walitaka ifanyike bila kuifanya wao wenyewe. Ndugu zao wa zama za Vita vya Msalaba waliopoteza mlinzi, au waliopoteza kazi, au waliojaribu kuwa wakubwa wa nafsi zao, walitoweka au wakamezwa. Kwa hiyo katiba ya 2022 haikuvunja mila ya kale. Kilicho kipya ndani yake, na cha hatari kiasi, kiko mahali pengine kabisa, na mabishano kuhusu uhuru yamekifunika.

Turudi Yerusalemu. Miaka ya 1070 hivi, wakati mji ungali chini ya watawala Waislamu, wafanyabiashara wa Amalfi, bandari ya kusini mwa Italia, walikuwa na nyumba ya kupokea mahujaji jirani na Kanisa la Kaburi Takatifu. Nyumba hiyo iliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na msimamizi wake alikuwa mtu aitwaye Gerard, ambaye historia haijui mengi juu yake zaidi ya kazi aliyoifanya. Majeshi ya Msalaba yalipouteka mji Julai 1099 na kuwachinja wakazi wake wengi, Waislamu na Wayahudi, nyumba ya Gerard ilijikuta ghafla katikati ya ufalme mpya wa Kikristo, ikimiminiwa mashamba na vijiji kutoka kwa makabaila walioguswa na huduma yake. Mali ilipoongezeka, likaja swali la nani ana neno juu yake. Jibu lilitolewa na Papa Paskali II tarehe 15 Februari 1113 kwa hati ambayo Shirika lenyewe mpaka leo linaihesabu kuwa ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Hati hiyo iliiweka hospitali chini ya ulinzi wa Kiti cha Papa, ikathibitisha mali zake, na ikawapa ndugu haki ya kumchagua mrithi wa Gerard bila kuingiliwa.

Wanaosema kwamba Papa Fransisko amesaliti historia hupenda kuinukuu haki hiyo ya uchaguzi huru. Wanasahau kuuliza uhuru ule ulikuwa dhidi ya nani. Haukuwa uhuru dhidi ya Papa, kwa sababu Papa ndiye aliyeutoa na ndiye aliyeulinda. Ulikuwa uhuru dhidi ya Patriarki wa Yerusalemu, dhidi ya maaskofu wa majimbo na dhidi ya wafalme, yaani wote waliokuwa karibu kiasi cha kuweza kunyoosha mkono. Mwaka 1155 Patriarki Fulcher, akiwa mzee sana, alifunga safari ndefu hadi Italia kuwashtaki Wahospitali, yaani ndugu wa hospitali ile ya Gerard, kwa Papa Adriano IV. Miongoni mwa malalamiko yake lilikuwamo hili, lililoandikwa na Askofu Mkuu William wa Tiro: kila Patriarki aliposimama kuhubiri, ndugu wa hospitali iliyokuwa ng'ambo tu ya kanisa walipiga kengele zao kwa nguvu hata sauti yake isisikike. Fulcher alirudi mikono mitupu. Ukitaka kuyaelewa mamlaka ya Shirika hili, hapo pa kengele panafaa zaidi kuliko mjadala wowote wa sheria za kimataifa. Ndugu wale walimdharau askofu wao mbele ya watu kwa kuwa walijua mlinzi wao yuko juu zaidi, na yuko mbali.

Upanga ulikuja baadaye, na ulikuja kidogo kidogo. Mwaka 1136 Mfalme Fulk wa Yerusalemu aliwakabidhi ngome ya Bethgibelin. Katika miaka ya 1140 mtawala wa Tripoli, mji wa Lebanon ya leo, akawapa ngome ile kubwa ya milimani huko Syria, Krak des Chevaliers, iliyodumu mikononi mwao hadi Sultani Baybars alipoitwaa mwaka 1271. Hata hivyo kanuni za mwaka 1182, zilizotolewa chini ya Mkuu Roger de Moulins, zinazungumza kwa urefu juu ya wagonjwa na kwa kifupi mno juu ya vita. Zinaagiza waganga wanne na wapasuaji wanne, joho na viatu kwa kila mgonjwa anayehitaji kwenda chooni, vitanda vidogo vya watoto waliozaliwa na mahujaji wanawake ili wasilale kitanda kimoja na mama mgonjwa. Maelezo mengine ya mwishoni mwa karne hiyo ya 12 yanasema kwamba Waislamu na Wayahudi nao walipokewa, na kwamba asiyekula nguruwe alipewa kuku. Baada ya ushindi wake Hattin mwezi Julai 1187 Sultani Salahuddin aliamuru mateka wa Hospitali na wa Hekalu, yaani Watempla, shirika jingine la askari watawa, wauawe, kwa maana aliwaona kuwa adui wasiobadilika. Lakini alipoingia Yerusalemu miezi mitatu baadaye aliwaruhusu ndugu kumi wa Hospitali wabaki kwa mwaka mmoja wawauguze wagonjwa waliosalia. Mtu yuleyule, mwaka uleule, alilitazama shirika lile kwa macho mawili, na macho yote mawili yaliona sawasawa.

Ngome kuu ya mwisho ya Msalaba katika nchi za Syria, mji wa Akka, ilianguka Mei 1291. Kuanzia hapo mashirika ya askari watawa yalikabiliwa na swali gumu la kazi yao ni ipi, na majibu waliyotoa ndiyo yaliyoamua nani ataishi. Watempla hawakuwa na jibu. Walikuwa matajiri, walikuwa na nyumba Ulaya nzima, na baada ya 1291 hawakuwa na kitu cha wazi cha kuonyesha. Tarehe 13 Oktoba 1307 Mfalme Philippe IV wa Ufaransa, ambaye hazina yake ilikuwa na njaa ya kudumu, aliwakamata wote waliokuwa katika himaya yake kwa siku moja. Papa Klementi V alilalamika, akasitasita, akashindwa, na mwaka 1312 akalivunja Shirika lao katika Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Vienne. Mali zao, kwa amri yake, zilipelekwa kwa Wahospitali. Mkuu wao wa mwisho, Jacques de Molay, alichomwa moto mjini Paris Machi 1314.

Mashirika mengine mawili yalikwenda njia nyingine. Shirika la Kijerumani, lililoanzia kwenye hospitali ya kambini nje ya Akka mwaka 1190, lilijitengenezea dola yake kwenye mwambao wa Baltiki, likawa na miji, kodi na majeshi; mwaka 1525 Mkuu wake, Albrecht wa Hohenzollern, alijiunga na mafundisho ya Luther, akaivua dola ile kanzu ya utawa na kuifanya utemi wa ukoo wake chini ya mfalme wa Poland. Huko Ureno mali za Watempla zilikabidhiwa shirika jipya lililoidhinishwa mwaka 1319, Shirika la Kristo, ambalo taratibu liliingia mfukoni mwa taji: Dom Manuel alikuwa tayari msimamizi wake alipokuwa mfalme mwaka 1495. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tunalijua shirika hilo kuliko tunavyodhani. Msalaba mwekundu uliochorwa kwenye matanga ya Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498 ulikuwa msalaba wa Shirika la Kristo, na kwa njia hiyo warithi wa Watempla walifika kwetu wakiwa watumishi wa biashara na mizinga ya mfalme mmoja. Mlinzi wa shirika akiwa ni mfalme, shirika huwa chombo cha mfalme. Na Mkuu wake akijifanya mwenye dola, utawa unakufa na dola inabaki.

Hapa mtu makini atanikatiza, na ana haki. Watempla nao walikuwa chini ya Papa moja kwa moja, tangu hati ya mwaka 1139. Ulinzi huo uliwasaidia nini? Ni hoja nzito, kwa kuwa inaonyesha kwamba kumtegemea Papa ni kumtegemea mtu ambaye naye anaweza kubanwa. Naikubali nusu yake. Ulinzi wa Roma haukutosha peke yake; ulikuwa na thamani pale tu ambapo anayelindwa alikuwa na shughuli ambayo wengine wangepungukiwa nayo ikikoma. Wahospitali walikuwa na wagonjwa wao, na zaidi ya hapo walikuwa wepesi wa kusoma majira. Kuanzia mwaka 1306, kabla ya kukamatwa kwa Watempla, Mkuu Foulques de Villaret alikuwa amekwisha kuanza kukiteka kisiwa cha Rodi, na mwaka 1307 Klementi V huyohuyo aliwathibitishia umiliki wake. Walipolipokea fungu la Watempla walikuwa baharini, wakijenga kikosi cha merikebu. Mfalme aliyetaka kuwagusa angelazimika kueleza nani atakayeilinda njia ya bahari ya mashariki badala yao.

Rodi ndiyo nguzo ya wale wanaosema mamlaka ya Shirika yalikuwa yake mwenyewe. Wanasema: kisiwa kilitwaliwa kwa upanga, kikatawaliwa kwa zaidi ya miaka 200, sarafu zikachapwa, mabalozi wakatumwa, na mwaka 1480 jeshi la Waosmani likarudishwa nyuma. Yote ni kweli. Lakini Sultani Suleiman alipokitwaa kisiwa hicho mwishoni mwa mwaka 1522 na kuwaruhusu watoke na silaha zao tarehe 1 Januari 1523, Mkuu Philippe Villiers de L'Isle-Adam alitangatanga kwa miaka saba akiomba mahali pa kuweka watu wake. Aliyempa ni Kaisari Karl V, aliyekuwa pia mfalme wa Hispania na Sisilia, mwaka 1530: visiwa vya Malta na Gozo pamoja na mji wa Tripoli wa Libya, kwa masharti ya kikabaila ya ufalme wa Sisilia na malipo ya kozi mmoja kila mwaka. Dola inayopokea ardhi yake kwa kuahidi ndege wa kuwindia ni dola ya namna ya pekee. Na haikupewa bure, kwa maana Kaisari alitaka mtu wa kukaa kwenye mlango wa bahari kati ya Sisilia na Afrika, mahali pa hatari ambapo hakutaka kulipia jeshi lake mwenyewe. Kuzingirwa kwa mwaka 1565, ambako Jean de Valette na watu wake walivumilia miezi karibu minne, kuliwalipa Wahispania na Papa kila walichokuwa wamekopesha.

Kipindi cha Malta kinastahili kutazamwa bila kupakwa rangi, hasa na sisi ambao pwani yetu inajua maana ya soko la watumwa. Hospitali ya Valletta, iliyoanza mwaka 1574, ilikuwa na wodi yenye urefu wa mita 155 hivi, na wagonjwa walihudumiwa kwa vyombo vya fedha. Mwaka 1676 ikapata shule ya anatomia na upasuaji. Katika bandari iliyo chini ya madirisha ya hospitali hiyohiyo, merikebu za Shirika ziliendeshwa kwa makasia na watumwa Waislamu waliotekwa baharini au kwenye mwambao wa Afrika Kaskazini. Mwaka 1749 watumwa hao walipanga njama ya kumwua Mkuu na kukitwaa kisiwa. Njama ikafichuka, wakauawa kikatili. Utumwa huo ulikwisha Juni 1798, na aliyeufuta ni Napoleon. Ninalitaja hili kwa sababu simulizi rasmi ya leo, kwamba lilikuwa daima shirika la hospitali ambalo vita viliangukia kwa bahati mbaya, haiwezi kusimama. Uwindaji wa meli na watu ulikuwa sehemu ya uchumi wake kwa zaidi ya karne mbili.

Na katika kipindi hichohicho cha fahari kubwa, Papa alikuwa na mkono ndani ya nyumba. Tangu mwaka 1574 mwakilishi wake aliishi kisiwani akiwa na cheo cha mchunguzi wa imani, akiwa na mahakama yake, akiandika barua Roma kuhusu kila jambo. Mwaka 1581 baraza la Shirika lilimpindua Mkuu Jean de la Cassière na kumfungia katika ngome ya Sant'Angelo, huku Mathurin Romegas, nahodha mashuhuri, akishika uongozi. Papa Gregori XIII aliwaita wote wawili Roma. Romegas akafa hukohuko kwa uchungu. La Cassière akarudishiwa cheo, naye akafariki kabla hajaondoka. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba dola imeingiliwa na dola nyingine. Watawa walikuwa wamegombana, na mkubwa wao akaamua.

Napoleon alipotia nanga mwaka 1798 Mkuu Ferdinand von Hompesch alisalimu amri baada ya siku chache, na kuanzia hapo msemo wa wahenga kwamba mkono mtupu haulambwi ukawa ndio habari ya Shirika. Mfalme wa Urusi, Paulo I, asiye Mkatoliki na aliye na mke, akatangazwa kuwa Mkuu na kundi la wanachama wa Shirika waliokuwa Urusi. Papa Pio VI hakumtambua. Mkataba wa Amiens wa mwaka 1802 uliahidi kwamba kisiwa kitarudishwa, Waingereza wakabaki nacho. Mwaka 1803 Papa Pio VII alimteua Mkuu yeye mwenyewe, Giovanni Battista Tommasi. Baada ya Tommasi kufa mwaka 1805 Shirika liliongozwa na makaimu kwa zaidi ya miaka 70, lisijue hata lifungue ofisi wapi hadi lilipotulia Roma mwaka 1834, na aliyekirudisha cheo cha Mkuu mwaka 1879 ni Papa Leo XIII. Iwapo kuna kipindi ambacho mataifa ya Ulaya yangeweza kulisahau kabisa, ni hicho. Halikusahauliwa kwa sababu Roma haikukubali life, na kwa sababu polepole lilirudia kazi ya mwanzo ya kuuguza, safari hii kwa treni za majeruhi na hospitali za vitani.

Jambo hilo liliwekwa katika maandishi ya sheria katikati ya karne ya 20. Mkuu Ludovico Chigi alipofariki mwaka 1951, kukiwa na mvutano mkali kati ya Shirika na baadhi ya makardinali, Papa Pio XII aliunda mahakama ya makardinali kuamua Shirika ni kitu gani hasa. Hukumu ya Januari 1953 ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba Shirika lina mamlaka fulani ya kidola yanayotambuliwa kimataifa kwa ajili ya kutimiza malengo yake, ambayo hata hivyo si jumla ya haki zote za dola, na kwamba kwa kuwa ni shirika la kitawa, liko chini ya Kiti cha Papa. Hakuna Mkuu aliyechaguliwa hadi mwaka 1962, baada ya Papa Yohane XXIII kuidhinisha katiba ya 1961. Nani awezaye kuisoma hukumu hiyo na bado akadai kwamba mwaka 2022 ulileta kitu ambacho hakikuwahi kusikika?

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Desemba 2016 Mkuu wa wakati huo, Mwingereza Matthew Festing, alimfukuza Kansela Mkuu Albrecht von Boeselager kwa madai kwamba tawi la misaada alilolisimamia lilikuwa limegawa kondomu katika miradi ya Myanmar. Papa Fransisko aliunda tume ya uchunguzi. Festing akakataa kushirikiana nayo, akisema ni jambo la ndani la dola huru. Januari 2017 Papa alimtaka ajiuzulu, naye akajiuzulu. Boeselager akarudishwa kazini. Miaka mitano baadaye, mchakato wa katiba mpya ulipomfikisha Papa kwenye hatua ya mwisho, Boeselager huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliotahadharisha kwamba mamlaka ya Shirika yako hatarini, na hati ya Septemba 2022 ikamwondoa. Sisemi haya kumkejeli. Nataka tu kuonyesha kwamba hoja ya uhuru wa dola ilikuwa ikihama kambi kulingana na nani ameshindwa, na mwenye kuishika leo alikuwa ameipuuza jana.

Hoja yao iliyo bora ni nyingine, na sidhani kama watetezi wa Papa wameijibu ipasavyo. Wanasema hivi: serikali zilizotia saini mikataba na Shirika zilidhani zinaafikiana na taasisi isiyo upande wowote. Misri, Moroko na Yordani hubadilishana nalo mabalozi. Umoja wa Mataifa umelipatia nafasi ya mtazamaji tangu 1994. Tawi lake la misaada linafanya kazi mashariki mwa Kongo na kaskazini mwa Uganda, mahali ambapo kuonekana wakala wa mtu fulani kunaweza kufunga barabara. Ikiwa Papa anaweza kuivunja serikali ya Shirika kwa saini moja, balozi wa Shirika anasema kwa niaba ya nani? Kwa mwanasheria hili ni swali halali. Jibu langu ni kwamba serikali hizo hazikuwa zimedanganyika. Hakuna waziri wa mambo ya nje aliyewahi kupokea hati za balozi wa shirika lenye msalaba kwenye bendera, linaloongozwa na mtawa aliyekula kiapo cha utii, akadhani halina uhusiano wowote na Papa. Walilipokea kwa sababu ya dawa, magari ya wagonjwa na wakunga. Hospitali yake ya uzazi ya Bethlehemu, inayowahudumia kwa wingi akina mama Waislamu, inatetea ubalozi wake vizuri kuliko hati yoyote. Hadhi hii hushushwa na wagonjwa kukosa kupokelewa, na hilo katiba ya 2022 haikuligusa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba jambo hili halijawahi kutokea katika miaka 900. Imekwisha kujibiwa na mwaka 1581, 1803, 1879 na 1951. Iko pia ile inayosambaa mitandaoni, kwa Kiswahili siku hizi kama kwa lugha nyingine, kwamba Shirika hili ndilo serikali ya siri ya dunia na kwamba Papa amelinyakua ili aitawale dunia hiyo. Taasisi iliyoshindwa kuurudisha mji wake mmoja kwa miaka 200 na ushei, ikaishia kukodishiwa sehemu ya ngome yake ya zamani kisiwani Malta kwa mkataba wa miaka 99, si mahali pa kutafuta watawala wa siri.

Mabadiliko yenye uzito ni yale yaliyopita bila kelele. Hadi 2022 mtu hakuweza kuwa Mkuu bila kuwa mtawa mwenye nadhiri kamili za ufukara, useja na utii na, juu ya hayo, kuthibitisha damu ya kikabaila ya vizazi kadhaa. Sharti la damu limefutwa. Cheo kilichokuwa cha maisha sasa ni cha miaka kumi, kinachoweza kurudiwa mara moja, na mwisho ni umri wa miaka 85. Shirika lenye wanachama wapatao 13,500 lina watawa wa nadhiri kamili makumi machache tu, na katiba mpya imewaongezea nguvu ndani ya serikali dhidi ya wanachama walei, yaani wasio watawa, ambao kwa miongo mingi ndio waliotafuta fedha, walioendesha hospitali na kusimamia maelfu ya waajiriwa. Papa alikuwa na mantiki yake: ikiwa hili ni shirika la kitawa, basi watawa waliongoze. Lakini mantiki hiyo inawakabidhi watu wachache, wengi wao wazee, mtambo mkubwa wa misaada ambao hawakuujenga, na inawaambia walioujenga kwamba sauti yao ni ya ziada. Vyama vya kitaifa vya Shirika, hasa kile cha Ujerumani, ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na fedha zake haziji kwa nadhiri ya utii.

Hilo ndilo ningependa Papa Leo XIV alitazame, badala ya kushawishiwa kurudisha uhuru wa kufikirika. Akiwapa walei nafasi zaidi barazani atakuwa amefanya jambo lenye maana. Akibadilisha maneno yanayotaja mamlaka ya kidola hatakuwa amebadilisha chochote. Kufutwa kwa sharti la damu kunaweza kuleta vijana wapya kwenye nadhiri, wakiwemo wa Afrika na Asia ambao hawana nasaba ya kikabaila ya Ulaya ya kuonyesha, lakini utawa haupatikani kwa tangazo, na malezi ya mtawa huchukua miaka. Kipindi cha Dunlap kinaisha mwaka 2033. Katika uchaguzi utakaofuata, idadi ya watawa wanaostahili kupigiwa kura itasema mengi zaidi kuhusu hatima ya Shirika kuliko kifungu chochote cha katiba.